Mama Nala Alipaka, Josiane Alisafisha

Jumatatu, 5 Mei

Naandika kwa sababu Wanjira amenilazimisha. Wanjira ni rafiki yangu Mkenya, anashughulikia mishahara katika ofisi moja Skärholmen, na kwake jambo ambalo halijaandikwa halikutokea. Kila siku, amesema, andika umepaka wapi, umepaka nini, kwa saa ngapi. Haya. Leo Upplands Väsby, nyumba ya mbao, ukuta wa kusini. Kukwangua rangi ya zamani saa tano, msasa saa tatu. Jua. Mabega yananiuma.

Sababu yenyewe ni hii. Kamati ya majengo yetu hapa Fisksätra inataka kupaka upya korido na ngazi zote, viingilio kumi na vinne, kuanzia Oktoba. Tangazo limebandikwa kando ya lifti, nimelisoma mara tatu. Ni kazi ya miezi mitano, dakika mbili kutoka kitandani kwangu, na naweza kuiomba kwa jina langu mwenyewe. Nchi hii ya Waswidi haina leseni ya serikali ya kupaka nyumba ya mtu. Yeyote aweza kununua brashi. Lakini mtu asidanganyike, karatasi zipo. Kuna ya kodi, kuna kadi ya kuingilia kwenye ujenzi, na kamati inataka msimamizi wa kazi awe na cheti cha ufundi. Ya kodi ninayo tangu Machi. Kadi ninayo. Cheti sina. Ili nikipate lazima nithibitishe saa za kazi, zaidi ya elfu sita, kisha nifanye mtihani. Nimepaka kwa Papa Aristide, bosi wangu, miaka sita. Saa ninazo za kumwaga. Mwisho wa kuomba kazi ni tarehe 15 Septemba.

Jumanne, 6 Mei

Ukuta ule ule. Saa nane. Jua.

Alhamisi, 8 Mei

Papa Aristide si baba yangu. Ni mtu wa Bukavu kama mimi, mzee wa kanisa, mwenye kampuni. Nilipopata karatasi za kukaa hapa hakuna aliyenitaka hata kwa kuosha sufuria, yeye akanipa brashi wiki ya tatu. Kwa hiyo namheshimu. Sote tunamwita Papa, naye ananiita Mama Nala, kwa jina la binti yangu, kama mtu mzima anavyoitwa kwetu.

Leo nilimkuta kwenye gari lake, nikamwomba anisainie saa zangu.

"Bon," alisema. "Mambo ya karatasi ni yangu, ya brosi ni yako. Miaka sita tuko tunatembea hivyo. Kuna siku ulilala njaa?"

"Hapana, Papa."

"Basi acha haraka. Nitaangalia."

Nikasema asante. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza nimeshukuru kwa kitu gani.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Hakuna kazi ya nje.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Papa amesema atasaini wiki hii.

Jumanne, 27 Mei

Jua. Madirisha sita, saa tisa. Papa amesema atasaini wiki hii.

Jumatatu, 2 Juni

Papa ameleta mpwa wake kutoka Norrköping, anaitwa Désiré. Ana miaka thelathini na minane, alikuwa anauza simu, duka limefungwa. Nimfundishe. Si mtu mbaya. Anaomba radhi kila anapopita mbele yangu, na anashika brashi kama mtu anayesonga ugali.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua asubuhi, jua saa sita. Papa akapiga simu: pakeni madirisha, mteja anaondoka kwenda likizo. Nikamwambia mbao zimelowa, nimeweka kipimo cha unyevu, bado hazijakauka. Akasema kipimo hakilipi mtu. Nikakataa. Désiré hakuweza kukataa. Alipaka fremu nne huku akiniangalia kwa macho ya mtu anayeomba msaada, nami sikumsaidia.

Jumatano, 11 Juni

Rangi ya fremu zote nne imetoa malengelenge. Nimekwangua peke yangu saa nane. Papa alikuja na mteja, nikamsikia akimweleza kwa Kiswidi kwamba yule mwanamke wa usafi ndiye aliyeharibu. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaendelea kukwangua.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wanjira alikuja baada ya kazi. Nilikuwa nimempelekea mkoba wa hati zangu za mshahara ili anisaidie kuomba cheti. Aliingia, hakuvua hata koti.

"Mama Nala, wewe hizi karatasi huwa unasoma?"

"Naangalia chini, pale pa jumla."

"Angalia hapa juu."

Juu kulikuwa na jina langu, Josiane Furaha Mugisho, na chini yake neno moja la Kiswidi. Msafishaji. Nikachukua ya mwezi uliofuata. Msafishaji. Tumezitandaza mezani zote, sabini na moja, na zote zinasema hivyo. Miaka sita nimepanda ngazi, nimepaka nyumba za watu kuanzia paa hadi msingi, nimevuta vumbi la madini ya risasi ya rangi za zamani puani mwangu, na kwa serikali nilikuwa nafagia.

"Lakini kuna karatasi za kazi," nikasema. "Kila nyumba ina karatasi, nani alipaka, siku gani."

Ninazo picha kwenye simu. Tukazifungua. Mpaka rangi: Mama Nala. Mpaka rangi: Mama Nala. Kila moja, kwa mwandiko wa Papa, na kwa baadhi ni mwandiko wangu mwenyewe, kwa sababu ndivyo ninavyoitwa na sikuwahi kufikiri kuna jina jingine la kuandika.

Wanjira akakaa. "Sasa sikiza. Josiane alisafisha. Mama Nala alipaka. Na huyu Mama Nala hana namba, hana kadi, hajawahi kuzaliwa. Hii nchi haimjui."

Mkataba nao ulikuwemo mkobani. Mkataba wa usafi, na sahihi yangu chini, nzuri, ya kupambwa. Nakumbuka siku ile. Ilikuwa sebuleni kwa Papa, baada ya maombi, mkewe amepika sombe, yaani kisamvu, na wali. Papa alisukuma sahani kando, akaweka karatasi, akanipa kalamu. Kusoma karatasi mbele ya Papa, kwenye meza yake, chakula chake kikiwa bado mdomoni, ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Mtu wa nje angesoma. Mtoto wa nyumbani hasomi. Mimi nilitaka sana kuwa mtoto wa nyumbani, kwa hiyo sikuteremsha hata macho.

Nala alikuwa mlangoni amesikia yote. Ana miaka kumi na minne. "Man läser innan man skriver på, mamma," alisema. Mtu husoma kabla ya kutia sahihi. Alisema kwa upole kabisa, nami nikamfokea aende chumbani. Baadaye nikaenda kumwomba msamaha. Hasira yangu haikumhusu yeye.

Ijumaa, 20 Juni

Sikukuu ya katikati ya kiangazi. Majirani wanakula samaki wa siki kwenye nyasi na kucheza. Jua halitaki kuondoka. Sijala.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemfuata Papa kazini, nimemwekea hati mbele ya macho.

Hakushtuka. Hilo ndilo linaloniunguza. Alikunja mikono, akatabasamu kama anayemtuliza mtoto.

"Mama Nala, fundi ni ghali. Ningekuandika fundi, nisingeweza kukuchukua. Niko nakuambia kama baba. Nilikufungulia mlango wakati Waswidi walikuwa wamefunga."

"Nibadilishie sasa, Papa. Andika ukweli kwamba Josiane ndiye Mama Nala. Mstari mmoja tu."

"Niandike kwamba nilidanganya? Wanifunge?" Akashika bega langu. "Tulia moyo. Tuombe juu ya jambo hili."

Nimeutoa mkono wake begani. Miaka sita sijawahi kumgusa Papa Aristide hata kwa kumsalimia bila kuinama kidogo, na leo nimeutoa mkono wake kama mtu anayetoa mdudu.

Jumanne, 1 Julai

Nimeenda ofisi ya vyeti. Aliyenipokea anaitwa Isak, kijana wa nywele nyekundu, mikono ina makovu ya mtu aliyefanya kazi kabla ya kukaa mezani. Alisikiliza. Akaangalia kompyuta, akaangalia tena, akakunja uso.

Karatasi hizi za nyumba hizi zimeshaletwa, alisema. Kampuni imezileta wiki iliyopita kwa ajili ya mwombaji mwingine. Kuna barua inayoeleza kwamba Mama Nala ni jina la utani la kikosi, na kwamba mwombaji ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi hicho.

Jina la mwombaji hakunitajia, sheria hairuhusu. Hakuhitaji. Désiré, aliyefika tarehe mbili Juni, ana miaka sita ya ufundi, na mimi ni kikosi.

Nilicheka, Isak akaogopa. Kisha nikalia, akaenda kuleta maji. Aliporudi akasema jambo la maana: wateja kumi waandike na kusaini kwamba ni mimi niliyepaka kwao, kisha nifanye mtihani wa mikono wa siku mbili mwishoni mwa Agosti. Yatatosha.

Jumatano, 2 Julai

Papa ametuma ujumbe. Nisije kazini mpaka moyo wangu upoe. Haupoi.

Jumatatu, 7 Julai

Skärholmen, kutafuta barua za wateja, nyumba tatu. Wote wako likizoni.

Jumatano, 9 Julai

Upplands Väsby. Wazee wawili, mume na mke, nyumba niliyowapakia mwaka juzi. Mume alifungua mlango, akafurahi. "Wewe ndiye uliyesafisha," alisema.

Nimesimama pale kizingitini. Kweli mimi hufagia. Nikimaliza kupaka nafagia, nafuta vioo, nakusanya kila tone la rangi sakafuni, kwa sababu baba yangu alinifundisha hivyo Bukavu: fundi haachi alama yoyote isipokuwa ukutani. Wenzangu wa kazi wanatupa brashi ndooni na kwenda kuvuta sigara. Kwa hiyo mteja akirudi nyumbani ananikuta na fagio mkononi, na mwanamke mweusi mwenye fagio hahitaji maelezo.

Mke akatokea nyuma yake. "Acha upuuzi," alimwambia mumewe. "Huyu alipaka dirisha la chumba changu siku mbili nikiwa mgonjwa kitandani. Nilimwangalia saa zote, sikuwa na la kufanya." Aliandika barua hapo hapo, ukurasa mzima. Barua ya kwanza.

Jumatatu, 14 Julai

Mvua. Barua ya tatu.

Jumanne, 22 Julai

Barua ya tano. Mmoja amekataa, amesema alipakiwa na mwanamume. Hakupakiwa na mwanamume. Nyumba nzima ile ni mkono wangu, hata uzio.

Alhamisi, 31 Julai

Ya nane.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada waliniita kwenye kikao. Mchungaji, wazee watatu, na Papa Aristide amekaa upande ule wa wazee, si upande wangu. Désiré alikuwa pembeni, anaangalia viatu vyake.

Hakuna aliyeuliza kama nilipaka. Wote wanajua nilipaka. Sebule ya mchungaji mwenyewe nimeipaka mimi, bure, Krismasi. Swali lilikuwa kwa nini nimepeleka mambo ya nyumbani kwa Waswidi kabla ya kuyaleta kwao.

"Niliyaleta kwa Papa," nikasema. "Tangu Mei."

"Mama Nala, umemwaibisha mzee," alisema mchungaji. "Kayaondoe maombi yako kule ofisi ya vyeti. Uombe radhi. Halafu Papa ataona namna ya kukusaidia, polepole, hata mwakani."

Nikauliza, niombe radhi kwa kosa gani. Mchungaji akatazama saa yake. Nikauliza tena. Mzee mmoja akajibu: kosa la kupaza sauti. Kosa langu ni sauti.

Nimekuwa nikiwaona watu hawa kama ukuta wa nyumba yangu. Waliniombea mama alipofariki, walimbeba Nala akiwa mdogo, nimekula kwenye meza zao zote. Leo nimewatazama mmoja mmoja, nikaona watu wanaotaka kwenda nyumbani kula. Nikasimama. Nikawaambia jina langu ni Josiane Furaha Mugisho, binti wa Mugisho mpaka rangi, na atakayeulizwa na Waswidi nani alipaka sebule ya mchungaji, aseme hilo. Nikatoka. Nikatembea mpaka kituo cha treni.

Jumatatu, 11 Agosti

Ya kumi. Na ya kumi na moja, jioni.

Alhamisi, 28 Agosti

Mtihani umekwisha. Jana mlango na dirisha la kuwekwa puti kuzunguka kioo, leo karatasi za ukutani zenye maua, kuoanisha kila ua na mwenzake, na mwisho chumba kidogo cha rangi mbili. Tulikuwa wanne. Wenzangu watatu ni vijana waliosomea shuleni. Walibandika tepu kila pembe kabla ya kuanza, ili rangi isivuke mstari, nusu saa nzima ya tepu. Mimi nikafungua kopo.

Msimamizi akaja. "Tepu yako iko wapi?"

"Situmii."

Bukavu tepu ilikuwa kitu cha ndoto. Baba alinipa brashi yenye ncha ya mshazari na kuniambia nitoe pumzi nikiwa navuta mstari. Nikavuta mstari wa rangi ya kijivu juu ya nyeupe, kutoka pembe hadi pembe, bila kusimama. Msimamizi akasogeza uso hadi karibu na ukuta. Akaenda kumwita mwenzake, naye akasogeza uso.

Nilivuta mstari ule nikiwa na hasira ya miezi miwili na zaidi, na mkono haukutikisika. Nimeshangaa mwenyewe.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefaulu.

Ijumaa, 12 Septemba

Maombi ya kazi yamepelekwa. Wanjira alisoma kila ukurasa, mimi nilisoma kila ukurasa, Nala alisoma kila ukurasa na kusahihisha Kiswidi chetu sote wawili.

Alhamisi, 25 Septemba

Kamati imenipa kazi. Viingilio vyote kumi na vinne.

Jumamosi, 27 Septemba

Papa Aristide amebisha hodi. Habari zimemfikia, bila shaka kupitia kanisani. Amevaa suti. Nyuma yake Désiré.

Nilimkaribisha, chai nikaweka. Hasira ni hasira, mgeni ni mgeni. Alisifu nyumba, akamsifu Nala. Kisha akaja kwenye lake.

"Maman, Mungu ameonekana. Sasa tufanye pamoja. Cheti chako, kampuni yangu, watu wangu. Ile ya zamani ni ya zamani, mambo ya familia. Wewe ungeweza kufika hapa bila mimi?"

Nilifikiri kweli. Alinipa brashi wiki ile ya tatu. Hilo siwezi kulifuta, na nimejaribu. Alinipa brashi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanifuta jina, na alitaka nimshukuru kwa yote mawili.

"Ulinipa kazi, Papa," nikasema. "Nilikushukuru miaka sita. Imetosha. Cheti changu hakiendi kwa kampuni yako."

"Unanifukuza?"

"Maliza chai kwanza."

Hakumaliza. Alisimama, akaiweka sawa tai, akatoka bila kuaga. Désiré hakumfuata. Alibaki kitini, kofia magotini.

"Mimi waliniita kule ofisi ya vyeti kwa mtihani," alisema. "Sikuenda. Ningepaka nini? Ile barua ya kikosi, niliambiwa nisaini, nikasaini. Sikusoma, Mama Nala." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Hati yake ya mshahara ya Agosti. Juu, chini ya jina lake: msafishaji.

Nilitamani kumfurahia. Nilitamani niseme, vyema, sasa umejua. Miezi yote hii nimemchukia mtu huyu usiku na mchana, na haki yangu nilikuwa nayo. Lakini niliiangalia ile karatasi nikaiona sebule ile ya Papa, sahani imesukumwa kando, kalamu.

"Jumatano asubuhi uje hapa kabla ya kazi," nikamwambia. "Saa moja kasorobo."

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua kubwa, haituhusu, tunapaka ndani.

Désiré alifika saa kumi na mbili na nusu, suruali nyeupe mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Kwenye meza ya jikoni nilikuwa nimeweka mkataba, kurasa nne. Mwanafunzi wa kupaka rangi, imeandikwa juu, na jina lake lote, na la baba yake. Nikampa kalamu. Akaishika, akafungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja, akainamisha kichwa kutia sahihi.

Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi.

"Soma."

"Aa, Mama Nala. Mimi nakuamini."

"Usiniamini. Soma."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani, akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akarudi ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari, akikwama kwenye Kiswidi kirefu, na pale alipokwama Nala alimsaidia kutoka kwenye sinki. Ilichukua dakika ishirini na tano, ndipo akatia sahihi. Tumechelewa kuanza kazi siku ya kwanza. Nilisimama muda wote, sikukaa, na hasira yangu ilisimama nami.